Tabo Haijafa, Pima Upepo Kwanza

Liko neno moja lililokita mizizi katika gereji zetu za pwani, nalo ni neno "imekufa". Betri imekufa, pampu imekufa, rejeta imekufa. Fundi akilitamka, mwenye gari huinamisha kichwa kama mtu aliyeletewa habari ya msiba, kisha huuliza swali moja tu: mpya ni bei gani? Nami nasema kwamba katika vyombo vyote vilivyomo ndani ya gari, hakuna kinachozikwa kingali hai mara nyingi kama tabo.

Nayasema haya kwa kuwa vijana wetu wamependa mno magari ya kutengenezewa, yaani gari lililotoka kiwandani na injini hii likatiwa injini ile, au likatolewa tabo yake ya asili likafungwa kubwa kuliko hiyo. Wako wazee wanaowabeza vijana hawa na kuwaita wapenda makelele. Mimi si miongoni mwao, ingawa makelele yapo, na saa nane za usiku hayana haja. Babu zetu walipotia injini za dizeli katika majahazi hawakuona kwamba wamevunja mila, bali waliona wamepata njia ya kwenda pepo zinapokataa. Kijana anayepinda mabomba na kuchomelea flanji ili tabo ikae mahali ambapo kiwanda hakikukusudia, huyo ni mwana wa ufundi.

Lakini gari la namna hiyo lina shida yake. Gari la kiwandani lina kitabu. Likiugua, fundi hufungua kitabu akaona presha inatakiwa iwe kiasi gani na waya fulani waenda wapi. Gari la kutengenezewa kitabu chake ni kichwa cha yule aliyelitengeneza, na pengine mwenyewe amekwisha kwenda Dubai kutafuta maisha. Kwa hiyo gari hili, kuliko magari yote, lataka kupimwa, wala halitaki kubahatishwa.

Kabla sijaendelea, na niwaeleze wale ambao hawajapata kuiona tabo ikiwa imefunguliwa. Ni mapanga mawili madogo, mfano wa pangaboi, yaliyofungwa katika ncha mbili za ufito mmoja wa chuma. Upande mmoja hupitishwa moshi wa injini, ambao hutoka kwa moto na kwa nguvu, nao hulizungusha panga la kwanza. Upande wa pili, panga la pili, kwa kuwa limefungwa katika ufito huo huo, huvuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya injini. Hewa ikizidi, petroli nayo huzidishwa, na nguvu hupatikana. Ufito huo huweza kuzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, nao huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Aliyepata hati ya uvumbuzi wa jambo hili ni Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, mwaka 1905, na katika miaka ya 1920 meli za dizeli zikaanza kulitumia. Kwetu sisi madereva wa malori waliijua tabo kabla ya vijana wa magari madogo. Na waliokuwa wakiifuata Safari Rally watakumbuka Toyota Celica yenye tabo iliyoshinda miaka mitatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986.

Sasa nitoe mfano mmoja ambao niliushuhudia kwa macho.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, karani, ana Toyota Mark II yenye injini ya 1JZ. Injini hiyo, ilipoanza kutoka Japani mwaka 1990 ikiwa na tabo, ilitoka na tabo mbili ndogo, na mapanga yake ya upande wa moshi yalikuwa ya kauri badala ya chuma. Kauri ni nyepesi, kwa hiyo tabo huamka upesi, lakini ikizidishiwa presha na moto kuliko ilivyopangiwa, yale mapanga yana tabia ya kuvunjika. Kijana wetu alikwisha kuziondoa zote mbili, akafunga tabo moja kubwa ya mapanga ya chuma. Gari likapangwa litoe ratili 14 kwa inchi mraba. (Kipimo ninachotumia ni kile kile cha vituo vya petroli. Ukisema gurudumu litiwe thelathini, ni ratili hizo.) Likaenda vizuri miezi kadhaa. Kisha siku moja likawa linatoa 7, halizidi hapo hata ukanyage vipi.

Akalipeleka gereji. Fundi akalinguruma, akasikiliza, akatia mkono hapa na pale, akatoa hukumu: "Tabo imekufa, mwanangu. Lete nyingine." Hakupima kitu. Bei ya tabo ile ilikuwa inapita mshahara wa miezi kadhaa wa kijana, naye akaanza kuzungukia jamaa akiomba mkopo, na vitu vya harusi ya dada yake vilikuwa bado havijanunuliwa. Hapo ndipo mjomba wake alipoingilia kati akasema gari lionwe na mtu wa pili kabla senti moja haijatoka.

Mtu wa pili alikuwa fundi wa makamo, mpole wa maneno, ambaye hata boneti hakuifungua kwanza. Aliuliza swali.

"Hiyo saba ni saba ya daima, au ni saba ya kupanda na kushuka?"

"Ya daima, ami. Gia ya tatu saba, gia ya nne saba, mlima wa Mazeras saba."

"Basi tabo yako nzima. Maiti hawezi kusimama pale pale kila siku."

Maneno haya yaonekana kama mzaha, kumbe ndani yake imo elimu nzima ya jambo hili. Ndani ya tabo, au kando yake, kuna kilango kiitwacho westigeti. Kazi yake ni kufunguka ili sehemu ya moshi ipite pembeni bila kulizungusha panga, maana tabo ikiachiwa bila mpaka itaendelea kushindilia hewa mpaka injini ipasuke. Kilango hicho hushikwa na springi iliyo ndani ya kikopo, na kikopo huletewa presha ya tabo yenyewe kwa mpira mwembamba. Presha ikifikia nguvu ya springi, kilango hufunguka. Springi ya gari lile ilikuwa ya ratili 7. Ili gari lifike 14, kulikuwa na valvu ndogo ya umeme inayopokea amri kutoka kompyuta, ikaizuia presha isikifikie kikopo mapema. Valvu hiyo ikinyamaza, gari hurudi kwenye springi yake, yaani 7, na hubaki hapo. Wala hiyo si ajali. Walioubuni mpango huo waliupanga makusudi ili hitilafu ikitokea injini ibaki salama.

Kwa hiyo namba yenyewe ilikuwa inasema. Tabo iliyovunjika haiijui springi ina ratili ngapi. Ingetoa tatu leo, mbili kesho, pamoja na moshi na kelele. Presha inayosimama imara kwenye namba ya springi ni dalili ya tabo inayofanya kazi, iliyofungiwa mlango wa kuzidi.

Hata hivyo fundi yule hakuridhika na dalili. Alipima njia yote ya hewa kwanza, akakuta klipu moja karibu na kipoza hewa, kile kifananacho na rejeta ndogo kilichofungwa mbele, imelegea na mpira unapumua. Akaikaza. Gari likatolewa, tabo ikawa inaamka mapema kuliko kabla, lakini juu ikabaki 7. Fundi mwenye haraka angesema hapo, "Unaona? Klipu haikusaidia, tabo imekufa kweli." Yeye aliona kwamba maradhi yalikuwa mawili na moja limepona. Akaigusisha ile valvu ya umeme moja kwa moja na betri, ikalia ta! Basi valvu ilikuwa hai. Akatia mita kwenye waya unaotoka kompyuta, umeme haufiki. Akaifungua plagi ya waya, na ndani yake tukaona pini moja imekuwa kijani, imeliwa na chumvi ya bahari mpaka imekatika. Anayeishi pwani hahitaji kuelezwa habari ya chumvi hiyo. Pini ikabadilishwa, ikapakwa grisi. Kisha hakuliachia gari moja kwa moja lifike 14. Aliipunguza amri ya kompyuta hadi 9, akatazama petroli na hewa vinalingana, akapandisha kidogo kidogo. Jioni ile gari likafika 14, likasimama hapo.

Niwe na insafu kwa yule fundi wa kwanza. Hakuwa mwizi. Alikuwa ameziona 1JZ nyingi ambazo mapanga yake ya kauri yamevunjika, na kila gari la namna hiyo lililomjia likiwa na presha ndogo, tabo ndiyo iliyokuwa na kosa. Alilihukumu gari hili kwa ugonjwa wa magari mengine. Uzoefu ni kitu kikubwa, lakini katika gari la kutengenezewa uzoefu hukutajia maradhi yanayowezekana tu, na lililopo mbele yako hulijui mpaka upime.

Basi kupima huanzia wapi? Huanzia kwenye kipimo chenyewe. Nimewaona watu wakipigana na gari wiki mbili, kumbe geji ndiyo inayosema uongo, ama mpira wake umekunjika, ama umeunganishwa mahali pasipostahili. Geji yataka kusoma presha pale hewa inapoingia katika injini. Ukiisomea pale inapotoka katika tabo, kabla ya kipoza hewa na kabla ya mlango wa hewa, utaona namba nzuri ilhali injini yafa njaa. Tofauti baina ya sehemu hizo mbili nayo ni habari. Ikiwa tabo inatoa 14 na injini inapokea 9, kuna kizuizi au tundu katikati.

Kisha kuna habari ya Nairobi na Mombasa, ambayo huleta ugomvi usio na maana baina ya mafundi wa juu na wa chini. Hewa ya kawaida hapa kwetu usawa wa bahari ina uzito wa ratili 14.7 kwa inchi mraba. Nairobi, ambako ni juu zaidi ya mita 1,600, ni kiasi cha ratili 12. Geji ya kawaida huhesabu kile kilichozidi juu ya hewa ya mahali, kwa hiyo geji ikisema 7 Mombasa, injini imepata jumla ya karibu 21.7, na ikisema 7 Nairobi, imepata 19 tu. Namba ni moja, hewa ni mbali mbali. Kompyuta nyingi nazo huhesabu jumla yote tangu utupu, tena kwa kilopaskali, hivyo kijana husoma 150 akadhani gari lake latoa presha ya moja na nusu, na kumbe tukiondoa hewa ya bahari iliyobaki ni zile zile ratili 7. Gari likipangwa Nairobi likaletwa Mombasa, au kinyume chake, sharti aulizwe aliyelipanga alikuwa akisoma kipimo gani. Kuuliza si aibu.

Baada ya hapo huja matundu, na hapa ndipo ninapotaka mafundi wetu waikumbuke elimu ambayo kila mtoto wa Kiswahili ameiona njiani. Baiskeli ikipata pancha, fundi hufanya nini? Je, husema tyubu imekufa, lete nyingine? Hasha. Huitia upepo, akaizamisha katika karai la maji, akaizungusha pole pole, na pale penye tundu mapovu hutoka. Mtoto wa miaka sita akisimama kando aweza kulionyesha kwa kidole. Njia ya hewa ya tabo ni tyubu ndefu tu yenye viungo vingi. Huwezi kuizamisha, lakini waweza kuchukua kizibo cha bomba la plastiki chenye valvu ya gurudumu, ukakifunga kwa klipu pale tabo inapovutia hewa, ukatia upepo wa kompresa, ukapaka maji ya sabuni kila kiungo. Mapovu yatasema. Kizibo hicho fundi hukitengeneza mwenyewe, na vifaa vyake hupatikana katika duka lolote la mabomba.

Yako mambo ya kuangalia. Usitie upepo kupita kiasi ambacho gari lenyewe hutoa, na usisimame mbele ya kizibo, kwani kikichomoka huruka kama risasi. Utasikia pia mlio kutoka ndani ya injini, maana daima kuna valvu zilizo wazi, na upepo mwingine hupenya hadi kwenye oili. Mlio huo usikubabaishe. Ukiwa mwingi, izungushe injini kidogo kwa spana kisha pima tena. Usisahau ile valvu ya kutema hewa, ambayo vijana huipenda kwa sauti yake. Nyingi za bei rahisi hazifungi sawasawa, zikawa zinatema hewa hata pale zisipotakiwa, na mwenyewe akapendezwa na sauti asijue kwamba ndiyo nguvu yake inayopotea.

Matundu mengine huwa upande wa moshi, kabla ya tabo. Gaskiti ikiungua, au manifoldi ya kuchomelea ikipata ufa, moshi hutoroka kabla haujalizungusha panga. Injini ikiwa baridi utasikia tiki-tiki-tiki, kisha chuma kikipata moto na kutanuka, sauti hupotea, na masizi meusi hubaki pale pale kama ushahidi. Magari ya kutengenezewa huugua sana hapa, kwa sababu tabo kubwa ni nzito na mara nyingi imening'inizwa bila nguzo. Na baada ya tabo, bomba la moshi likiwa jembamba au limeziba, moshi hurudi nyuma na panga halizunguki inavyotakiwa. Hapa dawa ni rahisi. Legeza bomba baada ya tabo, jaribu mara moja kwa hadhari, uone kama presha imepanda.

Kwa upande wa westigeti, kilango chaweza kukwama wazi kwa kutu, au springi yake kulegea kwa moto. Kikopo hupimwa kwa pampu ya mkono yenye geji. Ukitia upepo, fito yake yapaswa kuanza kusogea karibu na namba ya springi, wala si kabla. Jambo hilo halichukui hata dakika kumi.

Lakini hapa sina budi kusema kwa ukali. Iko hila inayoitwa ufundi katika baadhi ya gereji, nayo ni kuuchomoa ule mpira mwembamba wa westigeti na kuuziba kwa msumari. Mwenye gari hulalamika presha ndogo, fundi huziba mpira, gari likatoka likiruka kama farasi, na fundi akasifiwa mtaa mzima. Sasa kilango hakifunguki tena, na presha haina mpaka. Petroli haiwezi kuifuata hewa, moto wa ndani hupanda, injini huanza kugonga, na pistoni ya aluminiamu huyeyuka pembeni au kutoboka katikati. Aliyefanya hivyo hakutibu presha ndogo. Aliukata mkono wa mlinzi wa mlango. Na gari likipasuka injini barabarani, ndani yake wamo watu. Fundi aweza kukosea kwa kutojua, lakini anayeziba mpira huo anajua anachokifanya.

Kuna pia wakati ambapo presha ndogo si ugonjwa hata kidogo. Presha ni hewa iliyozuiwa. Mtu akibadilisha kichwa cha injini au kamshafti ili injini imeze vizuri zaidi, tabo ile ile na springi ile ile zaweza kuonyesha namba ndogo mwanzoni, huku hewa iliyoingia ni nyingi kuliko zamani. Na mtu aliyefunga tabo kubwa kama sufuria ya pilau kwenye injini ndogo, kisha akalalamika kwamba chini haina nguvu, huyo hana hitilafu ya kutengenezwa. Amevaa kanzu ya mtu mwingine.

Na tabo yenyewe? Ndiyo, hufa. Hufa kwa oili chafu, kwa oili kidogo, kwa jiwe lililopita kwenye chujio lililotoboka. Lakini kufa kwake huonekana. Toa bomba la hewa, ushike ncha ya ufito kwa vidole. Kutikisika kidogo upande kwa upande ni kawaida yake, kwani huelea juu ya oili, ila ikisogea mbele na nyuma, au mapanga yakawa yamekwaruza ukuta, au ncha zake zimelika, basi sema imekufa na hakuna wa kukupinga. Kazi hiyo haihitaji mashine. Kinachohitajika ni bisibisi, tochi na dakika ishirini, na fundi asiyeziweka dakika hizo hana haki ya kulitumia neno lile.

Si sisi peke yetu tuliozika walio hai. Mwaka 1962 kampuni ya Marekani ya Oldsmobile ilitoa gari liitwalo Jetfire, ambalo ni miongoni mwa magari ya kwanza kabisa ya kuuziwa raia yakiwa na tabo. Presha yake ilikuwa ndogo, kiasi cha ratili 5, lakini injini ilikuwa yashindilia sana yenyewe, na ili isigonge ikawekewa tangi la maji yaliyochanganywa na methanoli, ambayo hupulizwa ndani pamoja na hewa. Tangi likikauka, kifaa cha ulinzi huibana presha. Wenye magari hawakuzoea kujaza kitu kingine zaidi ya petroli, oili na maji. Tangi likakauka, gari likapungua nguvu, nao wakaja wakilalamika. Gari halikuendelea baada ya 1963, na mengi yalitolewa tabo zake yakafungwa kabureta ya kawaida. Magari yenyewe yalikuwa machache, hayakufika 10,000, na yale yaliyobaki na tabo yake ya asili wakusanyaji leo huyatafuta kama lulu. Ni tabo ngapi kati ya zile zilizotupwa zilikuwa nzima, na kilichokosekana ni maji tu?

Nimewalaumu mafundi, sasa niwageukie wenye magari, kwa sababu nadhani mzizi wa jambo hili uko kwao. Mswahili atalipa tabo mpya bila kusita, kwa kuwa aiona na kuishika. Lakini fundi akitumia saa tatu kupima, akapata pini ya shilingi chache, na akadai ujira wa saa tatu, mwenye gari huja juu: "Ami, umefanya nini wewe? Umepaka sabuni tu!" Basi fundi atakula nini? Atauza tabo, kwani katika tabo kuna faida na hakuna matusi. Tumemfundisha sisi wenyewe kwamba kujua hakulipwi, kulipwako ni kubadilisha. Ukienda kwa daktari ukapimwa damu, ukaambiwa huna malaria, waweza kudai pesa zako za kipimo kwa kuwa malaria haikupatikana? Fundi yule wa makamo alipolipwa na mjomba wa kijana, ujira wake ulikuwa mara nyingi bei ya ile pini, na haukufika hata robo ya bei ya tabo. Mjomba alilipa bila kuteta, tena akaongeza. Kijana ndiye aliyenong'ona kwamba ni ghali, na mjomba akamtazama jicho moja akanyamaza.

Rai yangu ni kwamba gereji zinazofanya kazi ya magari haya ziwe na bei ya kupima, ibandikwe ukutani pamoja na bei nyingine, na mteja aijue kabla ya boneti kufunguliwa. Na mteja naye, akiambiwa tabo imekufa, aulize mambo matatu pasipo kupandisha sauti: presha ilikuwa ngapi na ilisomwa wapi, springi ya westigeti ni ya ratili ngapi, na njia ya hewa ilipotiwa upepo mapovu yalitoka wapi. Majibu yaandikwe kwenye karatasi, kwani karatasi hiyo ndiyo mwanzo wa kile kitabu ambacho gari la kutengenezewa halikuzaliwa nacho, na atakayelinunua kesho ataihitaji. Na ikiwa mwisho wa yote tabo imebadilishwa kweli, ile ya zamani itiwe katika mfuko arudishiwe mwenyewe, aushike ule ufito kwa vidole vyake aone kama unasogea.